Ukurasa wa Majibu Niliokwenda Kuutafuta

Mwanangu mpenzi Naemi,

Salamu nyingi kwa jina la Bwana wetu. U hali gani huko uliko? Nauliza kama ilivyo desturi ya barua, na najua ukisoma utacheka, maana leo asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukitoka kisimani na debe kichwani, ukaniamkia, nikaitika marahaba, na u mzima kabisa. Lakini huyo ni Naemi wa leo. Barua hii naitia ndani ya sanduku lako, chini ya shuka, wala hutaiona mpaka utakapolifungua huko chuoni. Basi mimi namwamkia Naemi wa siku hiyo, ambaye bado simjui. Umefikaje? Mwili salama? Na moyo je? Sisi huku hatujambo, ijapokuwa nasema hivyo kabla hujaondoka, na huenda kesho kutwa neno hili likawa si kweli.

Sasa ni saa tisa mchana, Jumamosi. Wewe na mama yako mmekwenda Muheza kumuaga bibi yako, nami nimesema nina kazi ya kanisa. Kazi yenyewe ni hii.

Habari za chandarua, za sabuni, za kutotembea peke yako jioni, mama yako amekwisha kuzisema zote, na nyingine kazisema mara nne. Sitazirudia. Mimi nina jambo moja tu, na nimelichukua miaka saba. Ni habari ya ile Jumapili niliyokutoa nje ya darasa mbele ya watu.

Najua unaikumbuka. Hujapata kuitaja hata siku moja, na kwa hiyo najua.

Ili uielewe sharti nikuambie kwanza nilikuwa mtu wa namna gani, maana mtoto humwona baba yake kama anavyouona ukuta wa nyumba, upo tu, haulizi ulijengwaje. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne katika shule ya misheni, nikajua kuandika na kuhesabu, na hilo ndilo lililonifanya nyapara katika shamba hili la katani. Kazi ya nyapara unaijua. Wakataji huweka matita yao kando ya reli ndogo, kila tita majani thelathini. Jioni mimi napita, nafungua tita moja, nahesabu. Yakiwa thelathini, napita. Yakiwa ishirini na tisa, namwambia mwenyewe afungue matita yote, ayahesabu upya mbele yangu, hata kama jua limekwisha kuzama na wenzake wamekwenda kula. Watu waliniogopa, nami, Mungu anisamehe, nilipenda kuogopwa.

Siku ya Jumapili nilivaa koti nikawa mwalimu wa kanisa. Nilidhani nimebadilika kwa sababu nimebadili nguo. Tulikuwa na kile kitabu kidogo cha wanafunzi wa ubatizo, swali juu, jibu chini, nami nilikishika kama nilivyoshika hesabu ya matita. Mwanafunzi akisema maneno yote ya jibu, amepita. Akipunguza neno moja, arudi nyuma.

Unamkumbuka Mzee Bundala, yule Mnyamwezi mrefu aliyekata katani kwa mkono wa kushoto? Huyo nilimrudisha nyuma miaka miwili. Alikuwa haji na maneno ya kitabu, anakuja na maneno yake. Siku moja nikamwuliza, kama ilivyoandikwa, imani ni nini. Akakaa kitako, akafikiri sana, akasema, "Mwalimu, ni kama kuvuka mto usiku umemshika mtu mkono, humwoni, lakini mkono unausikia." Mimi nikasema, "Bundala, jibu hilo halimo." Akasema, "Halimo, Mwalimu?" Nikasema, "Halimo." Akasema, "Basi nitajitahidi," akarudi akakaa nyuma pamoja na watoto wadogo. Leo nikilikumbuka lile neno lake la mto, mwili unanisisimka. Siku ile nililiona ni tita la majani ishirini na tisa.

Katika mwaka ule ndipo alipokuja mchungaji mpya, yule Msambaa mfupi mwenye upara, aliyewekwa kule juu milimani karibu na Amani. Alipita kwetu mara moja, akahubiri kidogo, akaniachia karatasi moja iliyopigwa taipu. Akasema, "Mwalimu, someni habari moja ya Injili kila Jumapili, kisha ulizaneni haya." Akapanda baiskeli akaenda zake.

Karatasi ilikuwa na maswali manne. Umesikia nini? Ni jambo gani limekushangaza? Wewe umesimama wapi katika habari hii? Kama ungekuwapo, ungemwuliza Bwana nini? Na chini ya kila swali, nafasi tupu. Nikaigeuza nyuma. Tupu. Nikatazama ndani ya bahasha, nikaitikisa. Nikajua la kujua: ukurasa wa majibu umesahauliwa, au umeanguka njiani kutoka kwenye baiskeli.

Nami kwa kuwa sikutaka watu waone nimepewa kazi nusu, nikaketi na kalamu nikayaandika majibu mwenyewe. Naam. Nikaandika mtu ameshangazwa na nini, nikaandika amesimama wapi, kisha nikawafundisha watu wayajue kwa moyo. Mama Selina, mke wa yule Mmakonde wa mashine, akaniuliza, "Mwalimu, mimi nimeshangazwa na jambo jingine, nifanyeje?" Nikamwambia, "Shangaa hili kwanza."

Cheka, mama, una haki. Mimi mwenyewe nimecheka sasa, peke yangu hapa mezani. Lakini habari haikuishia penye kicheko.

Samueli wetu, mdogo wako, alifariki katika masika ya mwaka ule. Wewe ulikuwa na miaka kumi, yeye mitano. Ulikuwa ukimbeba mgongoni mpaka mama yako anakugombeza kwamba utapinda. Tulipomzika hukulia mbele ya watu, ulikamata kona ya kanga ya mama yako tu, na siku zilizofuata ulikuwa ukiweka sahani yake kila tukila, mpaka bibi yako alipokuambia uache.

Miezi minne baadaye tukasoma habari ya Yairo. Tulikuwa ndani ya banda la marobota, kama kawaida yetu ya Jumapili, watu wamekaa juu ya marobota ya katani, wewe mbele pamoja na watoto wa shule. Nikasoma jinsi yule mkuu wa sinagogi alivyomjia Bwana akaanguka miguuni pake, binti yake yu katika kufa, na jinsi Bwana alivyokwenda naye, akaingia nyumbani, akamshika mtoto mkono, mtoto akasimama. Kisha nikauliza swali la nne, ungemwuliza Bwana nini, huku jibu langu ninalo tayari kwenye karatasi. Wewe ukanyoosha mkono.

Ukasema, "Ningemwuliza, mbona alikwenda kwao asije kwetu?"

Nikakutazama. Nikasema, "Alikwenda kwao kwa sababu Yairo alikuwa na imani."

Nawe ukasema, taratibu, si kwa ukaidi, kama mtoto anayetaka kujua njia, "Basi, baba, sisi hatukuwa nayo?"

Nikakuambia maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa kuwa ukiyaona kwa mkono wangu yatakuwa yamesemwa mara mbili. Unayajua. Nikakuamuru utoke. Ukatoka, ukaenda ukakaa kule penye nyaya za kuanikia katani, mgongo wako umetuelekea, nami nikaendelea na darasa mpaka mwisho kama kwamba hapana lililotokea. Mama yako alinyanyuka akakufuata. Hakurudi. Jioni ile alinipakulia chakula akakiweka mezani bila kusema karibu.

Tangu siku ile, Naemi, hujaniuliza swali. Umeniuliza chumvi iko wapi, umeniuliza saa ngapi, lakini swali hujaniuliza. Ukawa mwanafunzi wangu bora. Kila jibu la kitabu unalo, hupunguzi neno. Wageni wa kanisa wakija nakuita usimame, unasema majibu yako, wao wanasifu, mimi nafurahi. Na ndani ya furaha ile palikuwa na kitu kilichokuwa kikiniuma, sikukitazama.

Sasa nikupe habari usiyoijua. Jumapili iliyofuata sikufundisha. Niliwaambia watu mchungaji ameniita. Haikuwa kweli. Nilikwenda mwenyewe tangu Jumamosi, kuutafuta ule ukurasa wa majibu. Nilikuwa na hakika kwamba watu wenye elimu wameliandika jibu la swali lako mahali, na nikilipata nitakurudishia, nawe utanyamaza kwa amani, nami pia.

Kutoka Muheza nilipata gari la machungwa lililokuwa likirudi juu tupu. Dereva alikuwa Mdigo mmoja, mcheshi, Bakari. Akaniuliza safari ya wapi na koti namna hiyo.

Nikasema, "Kwa mchungaji. Kuna karatasi ya maswali, majibu yake yamepotea."

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndimi."

"Na majibu huna?"

"Ndiyo nayafuata."

Akatazama mbele kwa muda, akikata kona. Akasema, "Ami, usiudhike. Mimi niliyesoma Kurani chuoni kwa Maalim nijuavyo, asiye na majibu hukaa mkekani, mwenye nayo hukaa juu ya kiti. Wewe wakaa wapi?"

"Juu ya kiti."

"Hewaa," akasema, akacheka mpaka usukani ukacheza. Lakini hakuchukua nauli, na aliponishusha akasema, "Ukiyapata, na mimi niletee."

Nikapanda kwa miguu saa mbili nzima. Msitu ule unaujua, ukiingia ndani yake mchana unakuwa kama alasiri, maji yanadondoka hata pasipo mvua. Nikamkuta mchungaji nyuma ya nyumba yake, miguu mitupu, anachimba shimo la choo. Nikamsalimu, nikamweleza kwamba ule ukurasa wa pili haukufika.

"Ukurasa gani?"

"Wa majibu, Mchungaji."

Akaegemea jembe. Nilidhani atacheka, nami nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Hakucheka. Akasema, "Mwalimu, hapana ukurasa wa pili."

"Basi yako kwako. Niandikie."

"Hayako kwangu."

Nikamwambia basi nimepanda mlima bure, na kule nyumbani nina mtoto ameuliza hivi na hivi. Nikamweleza swali lako. Akatoka shimoni, akanawa, akaniletea kiti, naye akakaa juu ya gogo. Kisha akasema, "Swali la mtoto wako ninalo mimi miaka kumi na mitatu. Nilizika mapacha Mlalo." Akasema hivyo tu. Kisha akaniuliza, "Na wewe mwenyewe, katika habari ile, umesimama wapi?"

Nikafungua kinywa nimpe jibu nililoliandika kwenye karatasi, kwamba nimesimama pamoja na wanafunzi wa Bwana. Halikutoka. Nilikaa pale kama Bundala. Mwisho nikasema, "Mimi sikuwamo njiani, Mchungaji. Mimi ni wa nyumba nyingine, mtaa wa pili, ambako hakupita." Nikashangaa kusikia sauti yangu ikisema hivyo, maana sikuwa nimepata kuwaza neno hilo.

Akasema, "Hapo ndipo uanzie kusoma." Akanipa uji wa muhogo, tukanywa, akanisindikiza mpaka penye njia ya magari.

Nilirudi mikono mitupu. Jumapili iliyofuata nikawaambia watu tutaisoma tena habari ile ile. Wewe hukuwapo, ulisema unamsaidia mama yako kupika, nami sikukulazimisha, niliona haya. Kwa hiyo yaliyotokea siku ile hukuyaona, na kwa miaka saba sikukusimulia. Hilo nalihesabu kosa kubwa kuliko la kukutoa nje.

Nilishuka kwenye kile kiti nilichokuwa nikikikalia, nikakaa juu ya robota kati yao. Nikasoma. Nikasema, "Leo sina majibu. Nani amesikia jambo?"

Wakadhani ni mtego. Mwisho Mzee Bundala akakohoa, akasema, "Mwalimu, nauliza. Wanakwenda njiani mbio, mtoto yu katika kufa. Mara yule mama mgonjwa anagusa vazi, Bwana anasimama, anauliza ni nani aliyenigusa. Anangoja mpaka mama ajitokeze, anamsikiliza maneno yake yote. Sasa huyu Yairo, wakati wote huo, alisema nini?"

Nikatafuta kwa kidole. Nikarudi juu, nikashuka tena. Nikasema, "Hakuandikiwa neno."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Bundala akaitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi. Akasema, "Basi mimi nasimama hapo. Kwa huyo. Mimi nimengoja sana. Sikujua kama katika Injili pana mahali pa mtu anayengoja na hana la kusema."

Naemi, mimi nimeisoma habari ile labda mara hamsini. Sikupata kumwona yule baba amesimama pale njiani, mikono imelegea, anatazama mdomo wa mama asiyemjua akieleza ugonjwa wake wa miaka kumi na miwili, na kila neno la mama yule linamla mtoto wake. Nilikuwa nikikimbilia nyumbani kwake kwenye mwujiza. Siku ile nilisimama naye barabarani, na nikaogopa, woga ule unaompata mtu akiingia katika nyumba kubwa yenye giza akajua kwamba ndani yake yupo mtu.

Hayakuishia hapo. Mama Selina, ambaye amezika watoto wawili katika makaburi haya ya kambi, akasema, "Soma tena pale mwisho kabisa." Nikasoma, jinsi mtoto alivyosimama akatembea, watu wakashangaa mno, naye Bwana akawaagiza wampe chakula.

Akajifunika mdomo kwa kanga. "Kumbe anajua," akasema.

"Anajua nini?" nikauliza.

"Mwalimu, nyinyi wanaume mtoto akiinuka katika homa mnapiga kelele, mnamshukuru Mungu, mnaita majirani. Mama anakwenda jikoni. Maana mtoto akiinuka katika homa, kitu cha kwanza ni njaa, na asipokula saa ile anarudi chini. Hili halijui mtu ila aliyekesha na mgonjwa. Na yeye kalijua."

Hakuna aliyesema amina. Mimi nilikuwa nimeshika kitabu, na kikawa kama si kile nilichokuja nacho. Mkono ule uliomwinua mtoto, siyo tu kwamba ulikuwa na nguvu. Ulikuwa unajua habari za uji. Mwanangu, nimeona milima, nimeona bahari ikichafuka pale Raskazone mawe yakitikisika, lakini sijaona jambo lililonishangaza kuliko maneno ya mwanamke yule asiyejua kusoma. Na kama ningebaki na karatasi yangu ya majibu ningemwambia ashangae lingine.

Mzee Bundala alibatizwa Pasaka iliyofuata. Mchungaji alimwuliza unajua nini juu ya Bwana, akajibu, "Najua kwamba alisimama njiani." Nilikuwa karibu, nikasikia, sikusahihisha neno.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu mwanzo wa barua hii.

Utaniuliza, kwa nini basi hukuniambia? Kwanza ni desturi. Baba hamwombi mtoto radhi, wazee wetu hawakufanya hivyo, nami nilijificha nyuma yao. Lakini ya pili ndiyo yenyewe. Swali lako lilinichoma kwa sababu ambayo hukuijua, na mama yako peke yake ndiye anayeijua, naye hajanisuta hata siku moja.

Siku ile Samueli aliposhikwa, mama yako alinifuata shambani saa nne ya asubuhi. Alitembea na jua lile mpaka penye reli ndogo. Akasema, "Mtoto anawaka, twende naye kwa mganga wa shamba, kwenye zahanati." Nilikuwa nimefungua matita ya mtu mmoja yaliyolala tangu jana, nimeyakuta pungufu, na watu wote wanatazama. Nikamwambia, "Tangulia nyumbani, nitakuja nikimaliza hesabu." Akasema, "Baba Naemi, anawaka." Nikasema, "Nimekusikia." Nilimaliza hesabu saa tisa. Mganga alipomwona alisema tu, mngemleta asubuhi.

Huenda hata asubuhi asingepona. Homa ile ilichukua watoto wengi. Sijui, wala sitajua. Lakini Yairo aliacha kazi yake, mtu mkubwa kama yeye, akaanguka miguuni mbele ya watu wote wakimtazama. Mimi sikuweza kuliacha tita moja. Basi uliponiuliza, "Sisi hatukuwa nayo?" mimi nilisikia mtu ananiuliza, "Ulikuwa wapi?" Nikakutoa wewe nje, maana mwenyewe sikuweza kutoka.

Nimeandika. Nimeweka kalamu chini nikazunguka nyumba mara mbili kabla ya kuendelea.

Ningeweza kufa nalo. Lakini Jumapili iliyopita nilipita nyuma ya banda, wewe unawafundisha watoto wadogo, na yule mtoto wa jirani mwenye kigugumizi akakuuliza kama wale nguruwe walioingia baharini walikuwa na kosa gani. Nikasimama nisikie. Ukamjibu upesi, maneno yaliyopangwa vizuri, kisha ukasema, "Kaa chini, tuendelee." Sauti ilikuwa yako, Naemi, lakini namna ile ilikuwa yangu. Mtoto akakaa. Niliuona uso wake.

Kesho unakwenda kujifunza ualimu. Watoto wengi watakaa mbele yako, na wengine watakuja na swali kama ulivyokuja nalo wewe, hawajui ni zito kiasi gani. Sikuambii uwafanyie nini. Wewe utakuwa umesoma kunishinda, na mimi si mtu wa kutoa amri tena katika jambo hili. Nakuambia tu kwamba swali lako lilikuwa la haki. Halikuwa la Shetani. Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoyasikia katika banda lile, nami nililipiga.

Nisamehe, mwanangu.

Jibu lake bado sina. Nimezunguka nalo miaka saba, nikisoma habari ile kila masika, siku aliyofariki ndugu yako. Kila mara naona kitu ambacho sikukiona mwaka uliotangulia. Mwaka huu niliona kwamba watu walipokuja kumwambia Yairo mtoto amekwisha kufa, usimsumbue Mwalimu tena, Bwana hakuwajibu wale. Alimgeukia baba. Alimwambia asiogope. Nilikaa hapo juma zima. Sijui kama mtaa wa pili alipita baadaye, kimya kimya, watu wasimwone. Mara nyingine nadhani alipita. Kuna siku mama yako anaimba jikoni, nami nadhani alipita. Siku nyingine sidhani. Siku zote mbili ninaisoma, na siku zote mbili kitabu hakinifukuzi.

Wewe katika habari ile umesimama wapi? Sijapata kukuuliza. Labda umetoka ndani yake kabisa, siku ile nilipokutoa, na hukurudi. Kama ndivyo, niambie hivyo hivyo, sitaudhika, wala sitakuandikia jibu la kitabu. Na kama bado unataka kumwuliza Bwana lile ulilouliza, au lingine kali kuliko lile, liandike kwa maneno yako. Nitalisoma na mama yako. Amejua kwamba nakuandikia; jana nilipomwambia nitakuambia habari ya siku ile ya reli, alisema, "Mwambie yote, usipunguze."

Nasikia sauti zenu zinakuja njiani, mama yako anacheka. Nitaikunja sasa.

Ukifika, nijibu upesi, mwanangu, hata kama ni mistari mitatu. Nitakuwa nikiuliza posta ya Muheza kila Jumamosi.

Ni mimi baba yako.